Namba Ishirini

Zamani tulimlipa Bwana Cirimwami kila mwisho wa mwezi.
Alikuja na daftari lililolowa mvua ya Kadutu,
akaandika kiasi kilekile, tuwe tumewasha au hatukuwasha,
akanywa chai, akazilaumu ngazi zetu kwa ajili ya magoti yake.
Umeme ulikuja ulipotaka, kama shangazi mwenye kiburi.
Ukifika usiku wa manane tuliamka wote kuupokea:
maharage jikoni, pasi mezani, simu sita kwenye tundu moja,
na hakuna aliyeuliza umekula kiasi gani.

Sasa kuna kisanduku cheupe kando ya mlango,
kina jicho moja, jekundu.
Vijana waliokileta walivaa kofia za njano,
wakasema: mtalipa mnachotumia tu.
Ile "tu" niliisikia vizuri. Ilikuwa tamu.

Kwa Dieumerci, chini ya mwavuli wake uliochanika,
natoa faranga elfu tano, napewa karatasi nyembamba
yenye namba ishirini, nne nne, kama punje za rozari.
Binti yangu Aksanti anasoma, mimi nabonyeza.
Nikikosea moja tunaanza upya.
Wiki ya kwanza elfu tano ilifika Ijumaa.
Ya pili, Jumatano.
Ya tatu sikuihesabu, nilikuwa gizani natafuta kiberiti.

Tukaanza kushtakiana.
Nani kaacha pasi? Nani kachemsha maji ya kuoga,
mtu mzima, mwenye afya yake?
Nikaficha resho chini ya kitanda, tukarudi kwenye makala,
gunia ambalo bei yake nayo imejifunza kupanda ngazi.
Aksanti akasoma jiografia kwa tochi ya simu:
"Mto Ruzizi hutoka Ziwa Kivu,
una mabwawa yanayozalisha umeme."
Akanitazama.
Nikamwambia aendelee na ukurasa unaofuata.

Jumapili nikazima kila kitu. Kila kitu.
Nikachomoa hata friji, yenye maji na nusu kitunguu.
Nikasimama mbele ya mita kama mbele ya padri.
Jicho likapepesa. Likapepesa tena.
Kuna mtu alikuwa anakula kwenye sahani yetu.

Nikafuata waya. Unatokea nyuma, chini ya bati,
umeviringishwa mpira wa baiskeli,
umekazwa kwa kipande cha kitenge, mafundo mawili,
na mafundo niliyajua kabla sijaujua waya:
hivyo ndivyo baba alivyofunga kila kitu,
mbuzi, viatu, mlango wa choo.
Ukavuka ukuta, ukapita juu ya lengalenga,
ukaingia kwa Mama Nsimire,
aliyefiwa na mume mwaka ule kilima kilipoteremka na nyumba.
Baba hakutuambia. Alikufa bila kutuambia.
Labda hakuona kwamba ni jambo la kusema,
taa moja, katika mwanga usiopimwa.

Nilikuwa na koleo mkononi. Lazima niseme hilo.
Dirishani niliona balbu, cherehani ya miguu,
sare ya shule ya mtoto wa mtu, ndani nje,
na yeye ameinama, analisaka tundu la sindano.
Balbu moja. Haikutosha kuieleza Jumatano.
Nilijua hesabu hiyo, na bado nilishika koleo.

Nikakohoa. Akainua kichwa.
"Papa Aksanti, ni kwema?"
"Ni kwema. Moto iko kwenu?"
"Iko. Mungu anatusaidia. Kwetu haiishaka."

Nikarudi na koleo mfukoni,
likinigonga paja kila ngazi.

Asubuhi kwa Dieumerci nilinunua ya elfu sita.
Akauliza kama wameniongezea mshahara.
Nikamwambia anipe karatasi.